Mkurugenzi wa Kukodishwa

Kazi yangu ni kuandaa makaratasi ya tenda. Nina duka la kompyuta Riruta, kando ya barabara ya Naivasha, katikati ya kinyozi na mama anayeuza mitumba ya watoto, na kwa miaka kumi na mmoja nimewaandikia watu uongo wao kwa lugha safi. Mtu akiniletea kampuni isiyo na hata wilbaro moja, mimi huiandika "kampuni yenye uzoefu mpana". Namgongea mihuri, napanga kurasa na kuzitia namba kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu ukurasa mmoja ukikosa namba, kamati huitupa tenda nzima bila kuisoma. Uongo utapita. Namba ikikosekana, umekwenda nyumbani.

Wateja wangu wengi nawadharau, na dharau hiyo imenilipia kodi ya duka. Lakini sijapata kumdharau mtu kama nilivyomdharau Clifford, na hakuna aliyenifanya nijidharau mwenyewe kama Zadock Were.

Zadock ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara, karibu na duka langu. Alizaliwa Busia, polio ikamshika akiwa hajatimiza miaka minne, na miguu yake haijambeba tangu hapo. Alikuja Nairobi kijana wa miaka kumi na tisa, akamfuata dada yake aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Lavington. Kwa mwaka mzima alizunguka akiomba kazi, na kila alipofika watu walimtolea sarafu kabla hajafungua kinywa. Alizikataa. Wengine walikasirika kwa kukataliwa sadaka yao, wakamwita mwenye kiburi.

Aliyempa kazi ni Mzee Tarlochan, Kalasinga aliyekuwa akitengeneza mageti karibu na Jamhuri. Mzee yule hakumuuliza atasimamaje. Alimpa kipande cha chuma, akamwuliza kama kimenyooka. Zadock akakitazama kwa jicho moja, akasema kimepinda mwishoni, upande wa kushoto. Siku iliyofuata alikuta Mzee amekata miguu ya meza moja ya kazi kwa inchi nane, na akaambiwa hiyo ndiyo meza yake. Alikaa hapo miaka kumi na minne.

Alipofungua karakana yake mwenyewe alifanya kila kitu kuwa chini: meza, mashine, rafu, hata ubao wa bei. Mteja akitaka kuona kazi ni lazima ainame. Nimewaona mabwana wakubwa wa Lavington wakiinama pale huku tai zao zikining'inia kwenye vumbi la chuma, na Zadock akiwaeleza mambo polepole kuliko ilivyohitajika. Alikuwa akifurahia, na hakujaribu kulificha hilo. Maneno hana mengi. Akiona kazi mbovu ya fundi mwingine husema tu, "Huyu alipaka mate," kisha haiangalii tena.

Basi serikali ilipotangaza kwamba asilimia thelathini ya tenda zake zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, Zadock aliamini. Alijiandikisha, akapata cheti, akaja dukani kwangu. Alitaka kazi za kaunti, na hasa alitaka kujenga rampu, zile njia za mteremko zinazowekwa kando ya ngazi ili mtu wa kiti cha magurudumu apande. Aliniambia kwamba zahanati zote anazozijua ameingia akiwa amebebwa mgongoni, na kwamba mtu mzima akibebwa mgongoni mbele ya watu, hata dawa aliyoendea huiona chungu zaidi.

Tulijaribu mara tatu. Mara ya kwanza tenda yake ilitupwa kwa sababu nakala ya cheti ilikuwa na maandishi nyuma, na mimi niliutia namba upande wa mbele tu. Kosa langu hilo, wala sikulisema wakati ule. Mara ya pili walitaka hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, jambo ambalo fundi wa Riruta hana. Mara ya tatu bahasha zilifunguliwa ghorofa ya tano ya jengo moja katikati ya mji, na lifti ilikuwa mbovu. Nilipanda mimi. Zadock alibaki chini kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, na askari wa mlangoni akamwambia asogee kwa sababu amezuia nafasi ya gari la mkubwa. Niliposhuka kumwambia tumekosa tena, nilimkuta kwenye jua, nje kabisa ya geti.

Hebu fikiria. Sheria inamfungulia mtu mlango kwa heshima zote, halafu inauweka mlango wenyewe ghorofa ya tano.

Clifford alijitokeza mwezi mmoja baadaye. Alikuwa mwanakandarasi, anakaa Lavington, ana simu mbili na marashi yanayotangulia kuingia dukani. Kampuni zake nilizijua, kwa kuwa baadhi niliziandalia karatasi. Tenda za wanawake alizipata kwa jina la mkewe, ambaye sijawahi kumwona akishika kitu kizito kuliko mkoba. Za vijana alizipata kwa jina la mpwawe, ambaye wakati huo alikuwa masomoni ng'ambo na hakujua anamiliki matingatinga. Kilichobaki ni ulemavu, na Clifford alinieleza kwa masikitiko ya kweli kwamba katika ukoo wao mzima hakuna mlemavu hata mmoja. Alisema hivyo kama mtu aliyenyimwa urithi.

Nikamtajia Zadock. Naliandika hili waziwazi kwa sababu baadaye wengi waliuliza walijuanaje. Ni mimi.

Tulialikwa nyumbani kwa Clifford. Baraza la nyumba ile lina ngazi sita za mawe, na hakuna aliyefikiria Zadock atazipanda vipi. Basi mkutano ulifanyika kwenye maegesho, kati ya magari mawili, na mfanyakazi wa nyumbani akatuletea chai na kuiweka juu ya boneti. Clifford alimwita Zadock "mkurugenzi" kila baada ya maneno matatu. Mimi niliyekuwa na miguu mizima aliniita "wewe".

Mpango ulikuwa hivi. Wangeandikisha kampuni mpya. Sheria inataka angalau asilimia sabini ya hisa ziwe za mwenye ulemavu, uongozi wote uwe mikononi mwake, na hela zisitoke benki bila sahihi yake. Kwa hiyo Zadock angeandikwa mwenye hisa zote na mkurugenzi pekee. Kisha, pembeni, kungekuwa na karatasi nyingine ambayo serikali haitaiona kamwe, inayosema kwamba hisa zile ni za Clifford, kwamba Zadock hana sauti, na kwamba atatia sahihi popote atakapoambiwa. Kwa hayo angepewa posho ya kila mwezi. Karatasi ile ya pembeni niliipiga chapa mimi, tena nikaishuhudia.

Zadock aliuliza swali moja tu. Alitaka kujua ni kazi gani. Clifford akamwambia ni rampu za zahanati nne za kaunti, upande wa magharibi wa jiji. Nilimwona Zadock akiweka kikombe chini.

"Kazi nitafanya mimi?" aliuliza.

"Bwana, wewe ni mkurugenzi," Clifford alisema akicheka. "Umeona mkurugenzi gani akishika chuma?"

Zadock hakucheka. Alisema bila kazi hatii sahihi. Walivutana kidogo, hatimaye Clifford akakubali kwamba Zadock atasimamia vipimo vya mteremko na kuchomelea vyuma vyote vya kushikia. Aliahidi kwa mkono kifuani. Zadock akatia sahihi kila mahali, na nilijua kwa nini. Mtu aliyetupwa mara tatu akipitia mlango wa mbele huanza kuangalia wa nyuma, na yeye rampu zile alizitaka sana.

Tuliporudi kuandaa tenda, Clifford alileta hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, nami sikuuliza kampuni mpya imezipata wapi. Kisha aliniambia niweke humo kitu cha kuiliza kamati, kwa sababu kulikuwa na alama za namna kampuni inavyowashirikisha walengwa. Kuliza watu kwenye karatasi ni kipaji changu. Nikaandika kwamba kila rampu itajaribiwa na mkurugenzi mwenyewe, ambaye ni mtumiaji wa kiti cha magurudumu, akiwa peke yake bila kusukumwa na mtu, na kwamba hakuna rampu itakayokabidhiwa kaunti kabla yeye hajaijaribu na kutia sahihi kwamba inafaa. Clifford alipoisoma alipiga meza kwa kucheka. Alisema nina akili ya shetani. Tulipata alama zote za sehemu ile, na kazi tukapata.

Sasa watu wa aina ya Clifford wana upofu mmoja. Wamezoea kudanganya kwenye tenda hadi wamesahau kwamba tenda husomwa. Ulichoahidi ili upewe kazi huingizwa ndani ya mkataba, neno kwa neno, na ndicho utakachodaiwa. Mkataba ulipokuja alifungua ukurasa wenye kiasi cha fedha, akaubusu, akaufunga.

Zadock alianza kujiandaa. Alinunua mabomba mazuri, akachomelea kipande cha mfano cha chuma cha kushikia, akakisugua hadi kiganja hakisikii kiungo kiko wapi. Kila aliponiona aliniuliza kama kazi imeanza, na kila alipompigia Clifford aliambiwa bado, vibali vinachelewa. Wiki sita zikapita hivyo.

Habari alizipata kwa Everlyn, mfagizi wa moja ya zahanati zile, ambaye anapanga kwenye ploti anayokaa Zadock. Everlyn alimpongeza. Alimwambia ameona jina la kampuni yake kwenye bango, na kwamba rampu imekwisha kumwagwa zege na kupakwa rangi ya manjano. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kusema ukweli, akaongeza kwamba watu wa viti bado wanabebwa kwenye ngazi, kwa sababu ile kitu mpya inawatisha.

Zadock akaenda kuitazama, nami nikaenda naye. Vipimo vya rampu si siri. Kila inchi moja ya kupanda inataka inchi kumi na mbili za kwenda mbele, ndipo mtu aweze kujisukuma kwa mikono yake. Ile ya Clifford ilikuwa na inchi nne, labda tano. Ilikuwa ukuta uliolala kidogo. Vyuma vya kushikia vilikuwa vyembamba, vimepakwa rangi mara mbili kufunika aibu. Zadock hakupanda. Alikaa chini pale akiliangalia bango lenye jina lake, kisha akasema turudi. Zile nyingine tatu, tulipata kujua baadaye, zilikuwa hivyo hivyo.

Alimpigia Clifford. Clifford hakukana wala kuona haya. Alisema mteremko mrefu unakula zege nyingi, na kwamba walemavu wenyewe hawaji zahanati kila siku. Alimkumbusha karatasi ya pembeni. Akamwambia ajiandae, kamati ya ukaguzi inakuja Alhamisi, na kazi yake ni kutia sahihi na kutabasamu.

Siku mbili zilizobaki Zadock hakufungua karakana. Nilimwendea Jumatano jioni nikamkuta amekaa tu. Aliniambia hesabu yake ilikuwa rahisi. Akitia sahihi, rampu nne zitasimama mjini kwa jina lake, na mlemavu mwenzake atakayepinduka atasoma kwenye bango ni nani aliyempindua. Asipotia sahihi, kampuni iliyoshindwa kazi ni yake, mkurugenzi ni yeye pekee, na Clifford hayumo popote. Anaweza kufungiwa tenda zote za serikali. Nilimshauri atie sahihi. Nilisema kila mtu hufanya hivyo, na kwamba miezi michache watu watasahau. Alinitazama kama anavyotazama kazi ya fundi aliyepaka mate.

Alhamisi Clifford alimleta kwenye zahanati ya Everlyn kwa gari lake mwenyewe, amemvisha koti na tai. Alikuja na mpiga picha pia, na vibarua wanne. Nilikuwepo kwa sababu nilibeba faili. Kamati ilikuwa watu watatu. Wawili walikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Wa tatu alikuwa injinia kijana anayeitwa Jasmeet, binti mwembamba mwenye viatu vya matope na mkataba mzima mkononi, na kurasa zake zilikuwa zimewekwa vikaratasi vya rangi.

Hata kabla hawajasalimiana vizuri, Clifford alitoa ishara, na vibarua wakamnyanyua Zadock na kiti chake wakampeleka juu ya rampu kwa ajili ya picha. Walimbeba. Nataka hilo lieleweke: mwenye kampuni ya rampu alibebwa kupandishwa rampu yake, na mtu mmoja kwenye kamati akapiga makofi.

Jasmeet hakupiga. Aliuliza kama mkurugenzi ameshaijaribu. Clifford akajibu kwamba ameijaribu mara nyingi, na anaipenda sana. Ndipo binti yule akafungua ukurasa wenye kikaratasi cha kijani na kusoma maneno yangu kwa sauti, yale ya peke yake, yale ya bila kusukumwa. Niliyasikia yakitoka kinywani mwa mtu anayeyaamini, nikaona haya hadi masikioni. Clifford akasema hiyo ni lugha tu ya tenda, injinia anajua mambo yalivyo. Jasmeet akasema hajui yalivyo, aelezwe. Kisha akamgeukia Zadock.

"Bwana Were, wewe mwenyewe umeijaribu?"

Clifford alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akainama, akamnong'oneza, nami nilikuwa karibu vya kutosha kusikia. "Saini tu, tumalize. Ukikataa, jina litakaloharibika ni lako. Langu haliko hapo."

"Najua," Zadock alisema, bila kunong'ona. "Ndiyo maana."

Akawaambia vibarua wamteremshe. Walimwangalia Clifford kwanza, na Zadock akawauliza mkurugenzi wa kampuni ni nani. Wakamteremsha. Akavua koti, akafungua tai, akavikunja na kumpa Clifford ashike. Clifford alivishika, akabaki amesimama navyo mkononi mbele ya kila mtu.

Mikono ya Zadock ni ya miaka thelathini ya chuma. Alisukuma magurudumu, kiti kikapanda, futi tatu, nne. Katikati ya rampu magurudumu madogo ya mbele yakaachana na zege. Kiti kikaanza kuegemea nyuma. Akanyoosha mkono wa kulia akashika chuma cha kushikia, na chuma kikang'oka chote na kubaki mkononi mwake. Alianguka chali, kiti kikamfuata, kichwa kikagonga ukingo. Vibarua walikimbia. Akawaambia mtu asimguse.

Alijivuta akakaa pale kwenye zege, damu ikimtoka juu ya sikio, bado amekishika kile chuma. Alikigeuza mwisho wake uliokatika, akakitazama kwa jicho moja.

"Hii haikuchomelewa," alisema. "Iligandishwa tu." Kisha akamtazama Jasmeet. "Injinia, andika. Mkurugenzi wa kampuni amekagua kazi ya kampuni yake, na ameikataa."

Jasmeet akaandika. Wale wawili wa haraka walinong'ona kwamba jambo hili lingeweza kuzungumzwa ofisini. Jasmeet aligeuza ukurasa. Alimpa mwenye kampuni siku tisini kubomoa na kujenga upya rampu zote nne, la sivyo kampuni ifungiwe. Akamletea Zadock pamba kutoka ndani ya zahanati yeye mwenyewe.

Clifford aliwaondoa vibarua wake saa ile ile na kuzima simu zote mbili. Aliamini Zadock atasagika. Hesabu yake ilikuwa kwamba mtu wa posho hana wa kumkimbilia. Alisahau kwamba mtu yule alikuwa na fani.

Mzee Tarlochan, ambaye sasa ni mzee sana na huja karakana kuota jua tu, alifungua stoo yake na kutoa mabomba bila kuuliza maswali mengi. Zadock akakodisha vibarua wa Riruta, akawafundisha kukaa chini ili waone mteremko kama yeye anavyouona. Walivunja ile zege ya manjano kwa nyundo. Nafasi haikutosha kwa rampu ndefu iliyonyooka, basi akaikunja, ikapanda kidogo, ikatulia kwenye jukwaa la kupumzikia, ikageuka, ikapanda tena. Vyuma vyote alivichomelea kwa mkono wake. Kila rampu ilipokauka aliipanda peke yake, mbele ya Jasmeet, kisha akatia sahihi. Ya nne ilimalizika siku ya themanini na sita. Nilikuwa pale. Alifika juu, hakushangilia, alipanguza mikono kwenye suruali na kuomba kalamu.

Kaunti ilipolipa, Clifford alifufuka. Alikuja dukani kwangu na karatasi ya pembeni kwenye bahasha ya plastiki, akanituma nimwite Zadock, akasema mimi ni shahidi na nitasema nilichoshuhudia. Zadock alikuja. Aliisoma karatasi ile yote, polepole, kama anavyoeleza mambo kwa wanaoinama.

"Karatasi nzuri sana hii," alisema. "Ipeleke kortini. Jaji asome vile uliibia serikali kwa kutumia miguu yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Clifford akitafakari sentensi kabla ya kuisema, na hakuipata. Akaondoka na bahasha yake. Nilicheka, tena kwa sauti, na Zadock akanigeukia.

"Na wewe, Mwongeli," alisema. "Hii kitu ulipiga chapa wewe."

Aligeuza kiti akavuka barabara, na tangu siku ile makaratasi yake huandaliwa na mtu mwingine huko Kawangware. Nasikia mwaka huu amepata tenda ndogo ya vyuma vya ngazi za soko moja, kwa jina lake, bila mtu nyuma.

Ningependa kusema kwamba Clifford alijifunza kitu. Watu kama yeye hujifunza njia nyingine tu. Miezi minane baadaye marashi yake yaliingia tena dukani, naye nyuma yake, na pamoja naye msichana wa miaka ishirini na mitano hivi. Alimtambulisha kama Syokimau, fundi wa kushona. Kulikuwa na tenda ya mashuka na nguo za wauguzi, imetengewa watu wenye ulemavu. Clifford akaweka kitambulisho na cheti cha yule msichana mezani kwangu, akataka kampuni, na akataka karatasi ya pembeni ifanane na ile ya kwanza, ila iwe kali zaidi.

Nikamwuliza kama msichana ameelezwa. Clifford akatabasamu.

"Huyu hasikii wala haongei," alisema, akimpigapiga bega. "Safari hii nimechagua vizuri. Huyu hawezi kutuletea kelele."

Syokimau alikuwa akitazama midomo yake. Akanitazama mimi. Akachukua kalamu yangu na karatasi moja kutoka kwenye printa, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule: Amesema nini?

Miaka kumi na mmoja nimepamba maneno ya watu. Najua jinsi ya kuandika mambo hata yakapendeza, na mkono ulikuwa umeshaanza kutafuta neno la kupendeza. Nikauzuia. Nikaandika aliyoyasema, yote, bila kuongeza wala kupunguza, na chini yake nikaandika kile ambacho karatasi ya pembeni ingesema, kwa Kiswahili cha sokoni. Nikamgeuzia.

Aliisoma mara mbili. Akachukua kitambulisho chake, akachukua cheti chake, akaikunja ile karatasi na kuiweka pamoja navyo ndani ya pochi. Alitoka bila kumtazama Clifford hata kidogo, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yake.

Clifford alisimama pale na simu zake. Akaniuliza nimemwambia nini yule msichana.

"Hakuna," nikamjibu. "Nimeandika tu vile ulisema."